Tundu la Saba

Fundi huyu alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta, chumba kimoja chembamba kilichobanwa kati ya duka la fotokopi na saluni ya wanawake. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki la nyumbani tu. Kwingine kote aliitwa Mtabiri.

Jina hilo alilipata kwenye jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa kompyuta. Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi aliketi kwenye stuli, chai pembeni, akaandika kuhusu laptop ambazo hazijatoka: zitakuja na prosesa gani, zitakuwa na kadi ya grafiki ya peke yake au ile inayokaa humo humo ndani ya prosesa, memori kiasi gani, feni ngapi. Miaka mitatu nyuma alikisia kwamba laptop moja iliyosubiriwa kwa hamu ingekuja bila kadi ya grafiki, na watu wakamcheka mpaka wakachoka. Ikatoka bila kadi. Tangu hapo, akiandika neno, watu elfu nane walilisoma kabla hawajanawa uso.

Hakuwa mwongo, na hili lieleweke mapema. Alisoma sana, alipima, na akiandika "nakisia" alimaanisha anakisia. Shida ni kwamba ukishaitwa Mtabiri, neno hilo watu hulipita mbio mbio, na wewe mwenyewe taratibu unaanza kulipita.

Mwezi wa kwanza ilivuja picha. Ilikuwa picha mbaya, yenye giza, iliyopigwa kwa simu juu ya meza ya kiwandani, ikionyesha mfuniko wa chini wa laptop ambayo ilitarajiwa kutoka mwezi wa nane. Mtabiri aliikuza, akahesabu matundu ya skrubu upande wa kushoto: saba. Toleo la mwaka uliopita lilikuwa na matano. Akafikiri, matundu mawili ya ziada yamewekwa kushika kitu, na pembe ile hukaa feni. Feni moja ilijulikana. Hii basi ni ya pili. Na feni ya pili ya nini, kama hakuna kadi ya grafiki ya peke yake inayohitaji kupoozwa? Akachukua kalamu na karatasi, akachora sehemu za ndani za mashine jinsi alivyoziwaza: matundu saba, feni mbili, mishale ya hewa. Kwenye kisanduku cha kadi akaandika memori ya gigabaiti kumi na mbili, kwa sababu nane aliona ni ubahili na kumi na sita aliona ni tamaa. Akaupiga picha mchoro, akaubandika jukwaani na kuandika chini yake: "Nakisia."

Miezi miwili baadaye, Jumamosi asubuhi, dada yake aliingia kibandani akiwa amekumbatia laptop yake kifuani.

"Mdogo wangu, hili dude litaniua," alisema, akalitua juu ya kaunta.

Dada huyu, aliyemtangulia kwa miaka sita, alikuwa fundi wa miguu ya bandia hospitalini. Mgonjwa akija na kigutu kilichopona, dada alikizungushia kifaa kama kamera, na umbo la kigutu likaingia kwenye kompyuta. Hapo alilichonga kwenye skrini, akipunguza hapa na kuongeza pale, hasa mahali mfupa ulipokaribia ngozi, mpaka apate umbo la kikombe ambacho mgonjwa angeingiza kigutu chake ndani na kusimama juu yake. Laptop ikikubali, hiyo ni kazi ya nusu siku. Ikiganda katikati, na siku hizi ilikuwa inaganda katikati, alirudi kwenye bendeji za plasta na tupa la mkono, na kikombe kimoja kikala siku tatu.

"Hospitali imekubali kuninunulia tatu mpya," alisema. "Lakini afisa manunuzi anapokea maombi mara mbili kwa mwaka. Mwisho wa mwezi huu, au mwisho wa mwezi wa tisa. Wewe niambie tu niandike nini."

Macho ya Mtabiri yaling'aa.

"Usiandike kitu. Subiri mwezi wa tisa."

"Miezi sita?"

"Dada, nisikilize. Mwezi wa nane inatoka mashine yenye kadi ya grafiki ya peke yake, memori kumi na mbili. Kazi yako si maumbo ya kuzungusha kwenye skrini? Sasa ukinunua leo umenunua ya jana, na hospitali haikupi nyingine mpaka miaka mitano ipite."

"Una hakika?"

Wiki ile ile tovuti moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa imeandika habari hiyo. Mtabiri alimgeuzia dada skrini. Pale palisemwa kwamba vyanzo vilivyo karibu na kiwanda vimethibitisha feni mbili na kadi ya gigabaiti kumi na mbili, na palikuwa na mchoro safi wa rangi.

"Si mimi ninayesema," alisema Mtabiri. "Wanasema wao."

Dada aliuangalia mchoro, akamwangalia mdogo wake. "Haya. Mambo haya wewe ndiye unayeyajua."

Mtabiri alipuliza vumbi kwenye feni ya lile dude, akaipaka prosesa dawa mpya ya kupoozea, akamrudishia. Dada akaenda zake, na Jumatatu akamwambia afisa manunuzi kwamba atasubiri.

Mwezi wa nne tovuti nyingine mbili ziliandika habari hiyo hiyo. Mwezi wa tano ikaandikwa na ya nne. Kila mara Mtabiri alibandika kiungo jukwaani na maneno mawili: "Si niliwaambia?" Dada alipiga simu mara mbili kuuliza kama mambo bado ni yale yale, na mara zote mbili alijibiwa kwamba sasa ndiyo yamekuwa ya uhakika zaidi.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa nane mchana, Mtabiri alikuwa amemaliza kubadilisha skrini ya mteja na anasubiri gundi ishike. Akafungua jukwaa. Kulikuwa na ujumbe wa mwanachama mmoja waliyemwita Karani, mtu mpole aliyebishana na kila mtu bila kumtukana hata mmoja.

"Mtabiri, habari za mchana. Ile picha ya kiwandani imepatikana ikiwa safi. Naona matundu sita, si saba. Hilo la saba nadhani ni doa la mafuta. Nisahihishe kama nimekosea."

Mtabiri aliifungua picha. Matundu yalikuwa sita. Mahali pa tundu la saba palikuwa na doa jeusi, limechuruzika kidogo upande mmoja, na hakuna skrubu duniani inayochuruzika.

Alicheka kwanza. Tundu moja si kitu; nani asiyekosea? Vyanzo vya kiwandani si vimethibitisha? Akaanza kumjibu Karani hivyo hivyo, na ili kumfunga mdomo akaenda kuchukua ule mchoro wa rangi wa tovuti ya ng'ambo. Akaukuza. Upande wa kushoto akahesabu matundu saba.

Akafuta jibu alilokuwa ameanza kumwandikia Karani. Mtu aliye kiwandani, mwenye mashine mbele yake, angeona matundu sita. Kuona saba kulihitaji picha ile yenye giza, na jicho la mtu aliyetaka kuona saba.

Akaanza kufuatilia nyuma. Tovuti ya nne ilikuwa imeitaja ya tatu, ya tatu imeitaja ya pili, na ya pili imeitaja ile kubwa ya kwanza. Ile ya kwanza haikutaja mtu, ilisema "vyanzo" basi. Lakini chini kabisa, kwenye maoni ya wasomaji, mmoja alikuwa ameuliza mchoro umetoka wapi, na mwandishi akamjibu kwamba ameusafisha kutoka kwenye mchoro wa mkono uliokuwa ukizunguka, akaubandika na ule wa asili. Ulikuwa wa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya mistari. Kwenye pembe moja palikuwa na duara hafifu la kahawia, alama ya kikombe cha chai. Na kwenye kisanduku cha kadi, kwa mwandiko wa Mtabiri mwenyewe, palikuwa na kumi na mbili. Neno "nakisia" lilikuwa limeachwa kule jukwaani.

Gundi ilishika, mteja akaja akachukua laptop yake, akaaga. Mtabiri hakujua baadaye kama alimwitikia. Akafunga kibanda saa tisa na nusu, jambo ambalo mwenye saluni hakuwahi kuliona, hata akatoa kichwa mlangoni kuuliza kama kuna msiba.

Nyumbani mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Alimwangalia mumewe anavyovua viatu.

"Una nini?"

Akamweleza yote, kuanzia doa mpaka alama ya chai. Mkewe aliweka kalamu nyekundu chini ili asikilize vizuri.

"Kwa hiyo," alisema mumewe alipomaliza kueleza, "ulijinong'oneza mwenyewe, ukasikia, ukasema umeambiwa."

"Ndiyo hivyo."

"Na wifi yangu anasubiri hicho ulichojinong'oneza tangu mwezi wa tatu."

"Lakini inawezekana ikatoka hivyo hivyo. Matundu sita bado ni zaidi ya matano. Labda..."

"Labda," alisema mkewe, na kwa jinsi alivyolisema, Mtabiri hakuliendeleza. "Mimi mwanafunzi akiniletea jibu sahihi kwa njia ya kukisia, namwekea mkasi, amekosa. Nenda kamwambie."

Kesho yake asubuhi alikwenda hospitalini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia karakana ya dada yake. Siku zote walikutana nyumbani au kibandani. Kilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya plasta mbichi. Ukutani ilining'inia miguu ambayo haijamalizika, mingine bila nyayo, na kando ya dirisha palikuwa na vyuma viwili sambamba vya kushikilia wagonjwa wanapojifunza kutembea. Kwenye benchi aliketi mama mmoja mshonaji nguo, suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti la kulia. Dada alikuwa amesimama mezani na tupa, mweupe kwa vumbi la plasta mpaka kwenye nyusi.

"Leo umepotea njia?" alisema dada.

"Nina neno na wewe. Tunaweza kutoka nje?"

"Nikitoka hii inakauka. Sema hapa hapa. Huyu mama na mimi tumeshajuana, huu ni mwezi wake wa tatu kuja hapa."

Akasema hapo hapo, amesimama. Hakujaribu kulipamba. Alisema kumi na mbili ilitoka kichwani mwake, na kwamba vile vyanzo alivyomwonyesha vilikuwa ni yeye mwenyewe aliyezunguka dunia na kurudi. Tupa lilikuwa likienda na kurudi, likienda na kurudi, kisha likaacha.

"Una maana hakuna anayejua?"

"Hakuna. Anayejua ni kampuni."

Dada alipangusa paji la uso na mkono, akajiongezea plasta. "Kwenye ile orodha pale mlangoni nina watu arobaini na mmoja. Mwezi wa tatu walikuwa ishirini na sita. Mimi nimekuwa nawaambia wavumilie, mashine nzuri inakuja, mdogo wangu ni mtaalamu." Hakupaza sauti, na Mtabiri alitamani angepaza. "Nimewaambia hivyo kwa mdomo wangu."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe, wewe ni ndugu yangu, nitafanyaje. Ila sasa hivi nimekasirika, kwa hiyo usinisemeshe."

Akarudi kwenye tupa. Mama mshonaji, ambaye alikuwa amesikiliza yote bila kujificha, alimsogezea Mtabiri nafasi kwenye benchi. "Kaa," alimwambia. "Hapa ndipo tunaposubiria."

Akakaa. Robo saa ilipita. Ndipo dada, bila kugeuka, akauliza: "Unachokisia nimeshakisikia. Unachokijua ni nini?"

Mtabiri alifikiri kidogo. "Sijawahi kuiona kazi yako ikifanyika," alisema. "Fungua faili la mtu, nione inagandia wapi."

Dada alinawa mikono, akalifungua faili la mama mshonaji mwenyewe baada ya kumwomba ruhusa. Mtabiri aliwasha kile kidirisha kinachoonyesha kila sehemu ya kompyuta inafanya kazi kiasi gani. Kigutu kilitokea kwenye skrini, cha kijivu, kikazungushwa huku na huko, na upande wa grafiki haukutokwa hata jasho. Dada akaanza kuunda ukuta wa kikombe. Hapo memori ya mashine, si ya kadi bali ile ya kawaida, ikapanda, ikapanda, ikajaa mpaka juu, na dude likaganda.

"Pale pale kila siku," alisema dada.

Mtabiri aliitazama skrini iliyoganda. Miezi sita amezungumza kuhusu kadi ya grafiki, na kadi ya grafiki haikuwa imeombwa na mtu.

"Nipe saa moja," alisema.

Alikwenda kibandani mbio. Kwenye droo alikuwa na vipande vya memori alivyovitoa kwenye laptop zilizovunjika. Akachagua viwili vilivyofaa, akarudi, akafungua skrubu za dude kwa bisibisi pale pale mezani, akavibadilisha. Faili la mama mshonaji likafunguliwa tena. Likafika mahali pa kugandia, likasita, likaendelea. Dakika kumi na moja baadaye kikombe kilikuwa kamili kwenye skrini.

"Ndiyo huo mguu wangu?" aliuliza mama mshonaji.

"Ndiyo huo," alisema dada.

"Mbona mnene?"

Dada akacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kisha akamgeukia mdogo wake, na kicheko kikaisha njiani. "Hivi vitu vilikuwa kwenye droo yako tangu lini?"

"Vimekuwepo siku zote."



Mchana huo alichukua nakala ya faili kwenye flashi, bila jina la mgonjwa, namba tu, akaenda duka kubwa la kompyuta la katikati ya mji. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu mwenye fundo la tai kubwa kuliko shingo yake.

"Naomba nijaribu kitu kwenye laptop zako tatu."

"Kaka, hapa si maabara."

"Ni kwa ajili ya hospitali. Wakiridhika wataomba tatu. Mimi ni fundi, hapo mtaa wa pili. Jukwaani naitwa Mtabiri."

Muuzaji alisimama wima. "Wewe ndiye Mtabiri? Unajua umenifanya nini? Watu wanaingia hapa kila siku wananiuliza ile yenye kumi na mbili. Nikiwaambia haijatoka wanasema basi tunasubiri, wanakwenda zao. Tangu mwezi wa nne nauza chaja na mabegi!"

"Haipo," alisema Mtabiri. "Niliikisia mimi."

Muuzaji akavuta viti viwili. Labda alitaka tu kuona mtu huyu anafanyaje kazi. Waliweka programu ya majaribio kwenye mashine tatu, wakafungua faili lile lile, na muuzaji mwenyewe akapima muda kwa simu. Ile ndogo ilichukua dakika tisa. Ya kati, yenye prosesa nzuri na memori ya kutosha, ilichukua dakika mbili na sekunde arobaini. Ile kubwa ya fahari, yenye kadi ya grafiki nzito kama tofali, ilichukua dakika mbili na sekunde thelathini na tano.

"Sekunde tano," alisema muuzaji, amesikitika kidogo kwa niaba ya mashine yake ya fahari.

Mtabiri aliandika namba zote, na chini yake hakuandika kitu kingine.

Jioni ile, kabla jua halijazama, aliandika jukwaani. Alieleza doa, mchoro, tovuti nne, na jinsi neno lilivyozunguka likamrudia akalipokea kama mgeni. Akaomba radhi, akamtaja Karani na kumshukuru. Alidhani watamtukana. Wachache walimtukana, lakini wengi walifanya kitu ambacho hakukitarajia: walikataa kumwamini. "Kampuni imemtisha," aliandika mmoja. "Hata akikana, mimi najua ni kumi na mbili," aliandika mwingine. Karani peke yake aliandika, "Asante kwa ufafanuzi," na kuweka nukta.

Mwezi wa nane laptop ikatoka. Ilikuwa na feni moja. Grafiki ilikaa ndani ya prosesa, na memori iliunganishwa moja kwa moja na bodi, haiongezeki hata ukilia. Tundu la sita lilikuwa la kushikilia spika. Waliokuwa wakisema ni kumi na mbili walisema kumi na mbili itakuja mwakani.

Afisa manunuzi hakulegeza tarehe zake. Mwezi wa tisa ni mwezi wa tisa. Dada alijaza fomu akaomba tatu za kati, zile za dakika mbili na sekunde arobaini, akaambatanisha karatasi ya vipimo. Afisa aliisoma, akasema kwa kawaida watu humletea vipeperushi vya matangazo, akapiga mhuri.

Laptop zilifika mwezi wa kumi na moja. Mtabiri alifunga kibanda siku nzima akaenda kuzipanga. Kwenye ile orodha ya mlangoni walikuwa wamebaki watu kumi na tisa, maana hata dude la zamani, kwa dakika zake kumi na moja, lilikuwa limefanya kazi tangu mwezi wa saba bila kuganda. Mwenzake dada, fundi mgeni aliyehamia karakana hiyo, alimsogelea Mtabiri.

"Nasikia unajua kompyuta. Nataka kununua yangu ya nyumbani. Ninunue sasa, au nisubiri zinazokuja?"

Mtabiri alifungua mdomo. Dada alikuwa upande wa pili wa chumba, anavua mifuko ya plastiki kwenye chaja, lakini aliacha alichokuwa anakifanya.

"Unafanyia nini?" aliuliza Mtabiri.

"Nani, mimi? Barua za kanisani, na kuangalia mpira."

"Basi yoyote."

Dada akaendelea na mifuko yake. Chaja zilikuwa tatu na soketi ukutani zilikuwa mbili, kwa hiyo Mtabiri akatoka kwenda kutafuta waya wa kuongezea umeme.